Magofu ya Kisiwani: namna ya kuusoma Msikiti Mkuu wa Kilwa

Kazi yangu ni uashi, na kila ndugu akija kutoka Lindi mjini husema, "Fundi, tuvushe tukaone magofu." Nawavusha. Wengi hupiga picha chini ya makuba, wakarudi wakidhani wameuona msikiti.

Chukua kibali Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, na uvuke mapema. Jua la asubuhi hupiga ukuta kwa ubavu, kila kiraka kinajitokeza. Saa sita kuta zote zinafanana.

Makuba yapite kwanza. Nenda upande wa kaskazini, kwenye ukumbi mdogo usio na paa. Huo ndio wa kale zaidi, wa karne ya 11 au ya 12. Paa lake lilibebwa na nguzo 9, tatu kwa tatu. Ukihesabu nafasi baina ya nguzo na kuta unapata 16. Mihirabu, kishubaka kinachoonyesha upande wa Makka, iko ukuta wa kaskazini kwa sababu Makka, ukitoka Kilwa, iko karibu kaskazini kabisa. Mgeni mmoja Mwingereza aliniambia makanisa ya kale ya kwao huelekea mashariki, na kwamba yeye hukisia umri kwa tao: la nusu duara ni la zamani, lililochongoka ni la baadaye. Nikamwambia hapa atapotea, matao ya Kilwa yamechongoka tangu zamani.

Hapa soma jiwe. Ukutani utaona matumbawe magumu ya nchi kavu, vipande visivyo na umbo vilivyoshikwa na chokaa. Penye nakshi na kingo jiwe ni jingine, jepesi, lenye vitundu vidogo vidogo. Hilo lilikatwa baharini likachongwa lingali bichi, maana likikaa hewani huwa gumu. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa, kwa hiyo ukuta mzima ni bahari. Ukikuta kiraka cha kijivu kisichopumua, hicho ni cha siku hizi. Navijua viraka hivyo: niliwahi kuziba ukuta wa zamani wa shemeji yangu kwa saruji, unyevu ukanaswa ndani, na masika ya pili kiraka kikaanguka na jiwe lake. Hadi leo shemeji hunikumbusha kila tukila pamoja.

Sasa geuka kusini. Sehemu hii kubwa iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, huyo huyo wa jumba la Husuni Kubwa, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Nguzo zake za kwanza zilikuwa za jiwe zima la tumbawe, na zikashindwa na mzigo wa juu. Unazoziona ni za karne ya 15. Zizunguke: zina pande nane. Tafuta moja iliyobanduka lipu utazame ndani: vipande vidogo na chokaa tele, si jiwe moja. Fundi yule alijifunza kwa kuangukiwa.

Chumba cha pembeni chenye kuba kubwa kiache mwisho. Ingia, simama katikati, inua kichwa, na usiegemee ukuta.

Kisha wahi mashua, mchana upepo hubadilika.