Kontena la futi 20 kuwa nyumba Dodoma: kivuli kwanza, urembo baadaye

Makontena yamezoeleka mjini kama maduka na stoo, na sasa wengi wanayatazama kama nyumba ya kuanzia maisha kiwanjani: chumba kimoja, sehemu ndogo ya kukaa, hakuna kufyatua tofali. Inawezekana kabisa. Ila ukuta wa kontena ni bati la chuma la milimita 1.6 hadi 2. Hupokea jua upesi na kulipitisha ndani upesi vilevile, na saa nane mchana wa mwezi wa kumi kontena lisilo na kivuli halikaliki. Wagogo walilimaliza tatizo hili zamani kwa tembe: kuta za udongo na paa bapa la udongo juu ya miti, uzito unaochelewesha joto hadi usiku uingie. Kontena halina uzito huo, kwa hiyo dawa yake ni kufunikwa. Ndiyo maana paa la pili linajengwa kabla ya jipsamu, vigae na taa za urembo, hata kama vigae vitasubiri mwaka mzima.

Kabla ya kulipa chochote, peleka mchoro wako Halmashauri ya Jiji uulize kuhusu kibali cha ujenzi kwa kiwanja chako. Kuwa la chuma hakulifanyi kontena lisiwe jengo.

Kuchagua kontena

La kawaida la futi 20 lina mita 6.06 kwa 2.44 kwa nje na kimo cha 2.59. Ndani unapata 5.90 kwa 2.35, kimo 2.39. Likiwa tupu lina uzito wa tani 2.2 hivi. Ukikuta lile refu zaidi, la kimo cha mita 2.90, lichukue, kwa sababu dari itakula sentimita sita na sakafu nyingine mbili.

Ukifika yadi, ingia ndani na mwenzako akufungie milango. Kaa dakika mbili macho yazoee giza. Kila tundu la paa au ukuta litajionyesha kama nyota. Kisha toka, chuchumaa, ugonge mihimili ya chini kwa nyundo: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kufa. Angalia pia sakafu. Ni plaiwudi ya milimita 28, na mara nyingi imetiwa dawa ya wadudu. Kibao cha chuma mlangoni husema imetibiwa kwa nini na lini. Kama ndani kuna harufu kali ya kemikali au kuna madoa yaliyozama kwenye mbao, liache, hata likiwa rahisi. Hata sakafu ya kontena ulilolichagua usiipige msasa, maana vumbi lake laweza kuwa na sumu. Ioshe, iache ikauke, ipake rangi ya epoksi mara mbili, halafu tandika bodi ya milimita 12 juu yake.

Msingi

Kontena limeundwa kubebwa na pembe zake nne, kwa hiyo halihitaji jamvi. Nguzo sita za zege zinatosha: nne pembeni na mbili katikati ya pande ndefu, kwa sababu utakata madirisha kwenye kuta hizo na kuzipunguzia nguvu. Kila nguzo iwe sentimita 50 kwa 50. Chini ichimbwe sentimita 60 au mpaka ufike udongo mgumu, juu ibaki sentimita 40. Nafasi hiyo ya chini inapitisha hewa, inazuia maji ya mvua, na inakuwezesha kuona njia za mchwa kabla hawajafika kwenye mbao.

Kwa nguzo sita unahitaji kama mita za ujazo 1.5 za zege la 1:2:4, yaani mifuko 10 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.7 na kokoto 1.4. Juu ya kila nguzo zamisha bamba la chuma la milimita 10 lililochomelewa nondo za milimita 12, ili kontena lichomelewe hapo. Zege likae siku 14 kabla ya kupokea mzigo, na ulimwagie maji asubuhi na jioni. Kwa ukavu wa hewa ya Dodoma, zege lisilonyweshwa hupasuka mapema.

Udongo ndio unaoamua kina. Kwenye wekundu wa kichanga, sentimita 60 zinatosha. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, hazitoshi hata kidogo: shuka hadi mita 1.2 au zaidi, uvuke tabaka linalocheza. Usawa pimeni kwa mpira wa maji, si kwa macho. Pembe moja ikizama sentimita moja tu, fremu hujipinda na milango ya kontena hukataa kufunga. Wengi hudhani bawaba zimeharibika na kuanza kuzigonga, kumbe kosa liko chini.

Lori linahitaji njia pana na sehemu ya kusimamia kreni. Mwambie dereva mapema milango itazame upande gani, kabla kontena halijapakiwa.

Upande wa kutazama

Laza kontena kutoka mashariki hadi magharibi, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la alasiri litapiga zaidi kuta fupi, zenye upana wa mita 2.44. Milango mikubwa ielekee magharibi na ibaki imefungwa. Ukipata tofali za kuchoma, jenga ukuta mwembamba mbele yake ukiacha sentimita 30, nao utapokea jua la jioni kwa niaba yako. Mlango wa kuingilia ukate kwenye ukuta mrefu.

Paa la pili

Hili ndilo linaloamua kama nyumba itakalika. Bati liinuliwe juu ya kontena na hewa ipite katikati. Kipimo: mita 8.4 kwa 4.8, ili kila upande utokeze kama mita 1.2.

Simamisha jozi nne za miguu ya sikwea paipu ya milimita 50 kwa 50, unene wa 3, kila baada ya mita mbili. Miguu ya mwisho ichomelewe kwenye vyuma vya pembe, ya katikati kwenye boriti za juu za pembeni. Usichomelee kamwe kwenye bati la paa la kontena: ni jembamba, litatoboka, na mvua ya kwanza itakuamsha. Upande wa kaskazini miguu iwe sentimita 35, kusini 60. Juu yake weka boriti nne za mita 4.8, halafu paipu sita za milimita 40 kwa 40 za urefu wa mita 8.4, zikiachana sentimita 96. Bati liwe la geji 28, migongo mipana, na uagize likatwe kiwandani mita 4.9 ili kusiwe na kiungo hata kimoja.

Kwa nini upande wa chini uwe kaskazini? Mwezi wa sita jua la adhuhuri hukaa kaskazini, nyuzi 60 hivi kutoka upeo. Kwa vipimo hivi kivuli kinateremka hadi kama sentimita 70 juu ya sakafu, kwa hiyo dirisha linaloanzia sentimita 90 halipigwi saa hiyo. Mwezi wa kumi na mbili jua huhamia kusini lakini adhuhuri liko juu sana, na ukuta wote wa kusini unabaki kivulini ingawa paa liko juu.

Gharama ya mpango huu ni kwamba upande wa juu unakabiliana na upepo wa kusini-mashariki, ule wa mwezi wa saba hadi wa kumi. Upepo ukiingia chini ya bati hulivuta juu kama mwavuli. Kwa hiyo weka vyuma vya mshazari kati ya miguu, na skrubu zenye mpira kila mgongo kwenye kingo, na katikati ukiruka mgongo mmoja mmoja. Misumari haifai hapa.

Mwisho paka kontena lote rangi nyeupe au ya maziwa, baada ya kukwangua kutu na kupaka rangi ya kuzuia kutu.

Kukata madirisha

Chora, piga kipimo mara mbili, kata kwa grenda yenye diski nyembamba, na papo hapo chomelea fremu ya sikwea paipu kuzunguka tundu. Usikate matundu yote ndipo uanze fremu. Mikunjo ya ukuta ndiyo inayolipatia kontena ugumu, na ukiikata mfululizo paa hulegea. Nafasi mbili za mita 1.2 kwa 1, moja kusini na moja kaskazini, zitazamane ili upepo uvuke. Karibu na dari ongeza matundu mawili ya sentimita 60 kwa 20 yenye nyavu na kifuniko, joto litokee hapo. Kifuniko ni kwa ajili ya vumbi la kiangazi. Aluminiamu iagizwe baada ya fremu kuchomelewa, kwa vipimo vya fremu yenyewe, kwa sababu moto wa kuchomelea huivuta kidogo.

Kuta za ndani

Fremu ya mbao za 2x2, katikati stairofomu (povu jeupe jepesi la kuzuia joto) ya sentimita 5, juu yake jipsamu. Kwa kuta na dari unahitaji vipande 17 hadi 19 vya mita 1.2 kwa 2.4. Stairofomu hushika moto na kutoa moshi mbaya, kwa hiyo isibaki wazi popote, na nyaya zote zipite kwenye paipu. Upana wa ndani utabaki mita 2.2: kitanda cha futi 5 kwa 6 kikilazwa kukatisha chumba kinaenea, na kinaacha sentimita 40 miguuni.

Jiko liwe nje, chini ya paa linalotokeza. Hili lichukuliwe kwa uzito wote. Jiko la mkaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa usiku wa baridi ya mwezi wa saba huua watu wakiwa usingizini, bila moshi wala harufu ya kuwaonya.

Umeme na maji

Nyumba yote ni chuma, kwa hiyo waya mmoja uliochubuka unaweza kuutia umeme kila ukuta. Kontena lenyewe liunganishwe na nondo ya ethi, inayopeleka ardhini umeme unaovuja, na bodi ya umeme iwe na kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachojizima umeme ukivuja. Udongo mkavu ni ethi mbovu, na hapa ukavu ni wa miezi saba. Izamishe nondo pale yanapomwagika maji ya kuogea, ibaki na unyevu.

Kama unategemea sola, piga hesabu hivi: feni ya wati 40 kwa saa 8, taa nne za wati 7 kwa saa 5 na televisheni ya wati 50 kwa saa 4 ni kama wati-saa 660. Paneli ya wati 300 na betri ya lithiamu ya volti 12.8, ampia-saa 100, zinabeba hizo vizuri. Friji ni hesabu nyingine.

Paa la mita za mraba 40 ni hazina ya maji. Kila milimita ya mvua juu ya mita ya mraba ni lita moja. Mwaka wa milimita 550, ukitoa moja ya tano inayopotea, unakusanya lita 17,600 kupitia mfereji mmoja wa kaskazini. Mtu anayetumia lita 40 kwa siku anahitaji lita 8,400 kuvuka kiangazi cha siku 210, kwa hiyo simtanki la lita 10,000 ndilo saizi yake. La 5,000 litakauka baada ya siku 125. Mvua ya kwanza ya mwaka igeuze paipu imwagike pembeni, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege vilivyokusanyika juu ya paa tangu mwezi wa tano.