Somo: Kupiga aurora kwa filamu, kwa anayesafiri kutoka Mombasa

Baadhi yenu mnaelekea Norwei, kwa masomo au kazi za melini, na mmeniomba somo hili. Aurora ni ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku kule kaskazini ya mbali. Msimu wake ni Septemba hadi mwisho wa Machi, na Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, ni pahali pazuri pa kuanzia. Picha nyingi huko huharibiwa na baridi, kwa hivyo nitakaa sana hapo.

1. Chukueni kamera ya mitambo, ambayo shata yake (kilango kinachofunguka kupitisha mwanga) haitegemei betri, kama Nikon FM2 au Pentax K1000. Stendi imara na waya wa kufyatulia ni lazima.

2. Filamu iwe ya rangi, ISO 800 (namba ikiwa kubwa, filamu hunasa mwanga kwa wepesi zaidi). Ya 400 inatosha ukiwa na lenzi ya f/1.4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana).

3. Wekeni fokasi mchana kwa kitu cha mbali sana, kisha mbane pete kwa utepe. Gizani hamtaona kitu.

4. Lenzi f/2 au f/2.8, shata kwenye B, yaani inabaki wazi muda wote unaobonyeza. Hesabuni sekunde 10, kisha 20, kisha 30, kila moja picha yake. Filamu hupungua wepesi wa kunasa mwanga muda ukirefuka, kwa hivyo msiogope kuongeza. Lakini aurora ikicheza kwa kasi rudini kwenye 10, ama mapazia yake yatavurugika yawe doa la kijani tu.

5. Hapa nawasihi. Baridi kavu huikausha filamu ikawa ngumu. Ukivuta wenzo wa kusogezea filamu kwa pupa, matundu ya pembeni huchanika, au filamu hukatika kabisa. Msuguano nao hutoa cheche za umeme, na picha ikisafishwa unakuta vijimizizi vyeupe vimetapakaa angani. Vuta polepole, kidole kikisikiliza. Kuirudisha vivyo hivyo.

6. Mnajua lenzi inavyojaa ukungu ukitoka kwenye kiyoyozi ukaingia joto la Mwembe Tayari. Kule ukungu unakungoja ndani ya nyumba. Ungali nje, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki wa zipu, uiache humo masaa kadhaa. Kwetu mifuko imepigwa marufuku tangu 2017, basi nunueni huko huko.

MASWALI (kila muulizaji kwa jina la mtaa wake)

Likoni: Shikamoo mwalimu. Kamera ya marehemu babu inataka betri. Niiache?

Marahaba mwanangu. Usiiache. Beba betri za ziada kwenye mfuko wa ndani, karibu na mwili, uzibadilishe kwa zamu. Iliyozimika ikipata joto huamka tena.

Kisauni: Mashine za uwanja wa ndege haziunguzi filamu?

Zile mpya za CT, zenye eksirei kali, zinaiharibu. Usiitie kamwe kwenye sanduku la kupakiwa. Ibebe mwenyewe, uombe kwa adabu ikaguliwe kwa mkono.

Mji wa Kale: Tufanyie wapi mazoezi?

Pale Mama Ngina, ufukweni, usiku meli zikiingia bandari ya Kilindini. Vaeni glavu, hata mkitoka jasho. Shata kwenye B, hesabuni kwa sauti, sogezeni filamu bila kutazama. Mkimaliza mkanda mzima bila kuvua glavu, nileteeni negativi tuzitazame pamoja.