Misuli inauma baada ya mteremko: ukimbie au upumzike?

Wengi wanaojiandikisha Kilimanjaro Marathon pale Moshi huogopa ule mlima wa kuelekea Mweka. Kinachowafanya washuke ngazi kinyumenyume siku ya pili ni mteremko wa kurudi. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki: inakaza huku inavutwa, na nyuzi zake zinachubuka. Asidi ya laktiki husingiziwa bure, kwani huisha misulini ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Maumivu haya huanza saa 12 hadi 24 baadaye, hukolea kati ya saa 24 na 72, kisha hupoa ndani ya wiki.

Ukikimbia masafa marefu katika siku hizo, kasi yako ya kawaida itakuchosha zaidi. Paja limepungukiwa nguvu, hatua zinafupika, pumzi inapanda. Tena misuli iliyochubuka huchelewa kujaza akiba yake ya wanga hata ukila vizuri, kwa hiyo unaweza kuishiwa nguvu njiani na ulishiba jana. Hata wepesi wa kuhisi mguu unakanyaga wapi hupungua; barabara ya mawe iache kwanza.

Kabla ya kutoka, tembea dakika 10. Maumivu yakilegea na yakiwa sawa miguu yote miwili, kimbia dakika 20 hadi 40 kwenye tambarare, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Usiangalie saa ya kasi. Ukichechemea, pumzika au endesha baiskeli taratibu. Maumivu makali ya sehemu moja, mguu mmoja, ni jeraha; usikimbie nayo.

Kunyoosha viungo hakuzuii hali hii. Kuchua husaidia kidogo. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni ili umalize mbio: pamoja na upungufu wa maji, figo zinaweza kuumia. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kinga ya kweli ni mteremko wenyewe. Wiki 4 kabla ya mbio, shuka kilima cha wastani dakika 10, kwa hatua fupi za harakaharaka. Utaumwa kidogo, na misuli itabaki na kinga kwa wiki kadhaa. Rudia wiki inayofuata kwa dakika 15 au 20. Mteremko wa mwisho uwe siku 10 hadi 14 kabla ya mbio.