Kumlea mwimbaji chipukizi wa Karnatiki hadi asimame mwenyewe jukwaani

Guru (mwalimu) wa muziki wa Karnatiki, muziki wa kale wa kusini mwa India, humpa mwanafunzi wake raga (mifumo ya sauti), tala (mizunguko ya mapigo) na nyimbo nyingi za watunzi Tyagaraja, Dikshitar na Syama Sastri. Kuandikia sabha (vyama vinavyoandaa maonyesho) barua, kuelewana na mpiga fidla kuhusu malipo, kukataa mwaliko mbaya: hayo hayamo katika somo lake. Mwongozo huu ni wa mlezi, yaani mtu anayejitolea kuziba pengo hilo, awe mwanamuziki aliyetangulia, mwalimu, au mpenzi wa muziki anayezijua sabha za Chennai, jiji la kusini mwa India, na watu wake. Tumeshika mfano wa Chennai kwa sababu huko ngazi za kupanda zinaonekana waziwazi.

Anza kwa guru

Kabla ya kupiga simu hata moja, nenda na kijana kwa guru wake, mketi, mkubaliane mambo matatu: nani anaamua nyimbo za kuimbwa, nani anajibu sabha, na kacheri (maonyesho ya jukwaani) ngapi kwa mwaka. Jibu la swali la kwanza liwe guru daima. Mlezi hagusi raga. Ukianza kumwambia kijana aimbe raga ya Todi kama fulani anavyoiimba, umekuwa guru wa pili, na mwanafunzi mwenye guru wawili wanaopingana hupoteza sauti yake mwenyewe.

Kosa linalovunja uhusiano mara nyingi ni guru kusikia kwa watu kwamba mwanafunzi wake ameimba mahali. Kila mwaliko umfikie guru kabla ya kujibiwa, hata ule mtakaoukataa.

Kwa mwaka wa kwanza, kacheri sita hadi nane zinatosha. Katika Margazhi, msimu mkuu wa maonyesho, kuanzia katikati ya Desemba hadi Januari, asizidishe nne, na kati ya moja na nyingine apumzike siku tatu. Koo la miaka 20 linaonekana halichoki mpaka siku linapokatika katikati ya alapana (kuifungua raga bila maneno wala mapigo).

Kupanga dakika 90

Sabha za Chennai huwapa wachanga saa za mchana, na jioni huachiwa wakubwa. Mchana huo ndio mtihani. Wasikilizaji ni wachache, lakini wengi wao wanajua, na baadhi ndio wanaopanga ratiba za mwaka ujao.

Mpango unaokaa vizuri katika dakika 90 ni huu: varnam (wimbo wa kufungulia) dakika 5, kriti (wimbo wa ibada) fupi yenye svara (kuimba majina ya noti) chache, 7, raga ya kati yenye alapana, 18, wimbo wa kasi wa kuchangamsha, 4, wimbo mkuu wenye alapana, niraval (kurudia mstari mmoja kwa kuubadilisha), svara na tani avartanam (zamu ya mpiga ngoma peke yake, kwa kifupi tani), 38, nyimbo ndogo za mwisho, 9, mangalam (wimbo wa kufungia), 2. Jumla ni 83. Zile 7 zilizobaki ni za kulinganisha ala, za pazia kuchelewa kufunguliwa na za mtu wa maikrofoni. Zitatumika tu.

Kinachoharibika ni kile kile kila msimu. Kijana amesikia mwimbaji mkubwa akifanya alapana ya nusu saa jioni, naye anaitamani. Anaimba dakika 25 kwenye raga ya kati, anatazama saa, kisha anamwachia mpiga mridangam (ngoma ya pande mbili) dakika nne za tani badala ya nane au kumi. Mpiga mridangam hatasema neno, lakini akiitwa tena atakuwa na shughuli. Saa ndogo iwekwe pembeni ya kijana, na wewe ukae mstari wa mbele mkiwa mmekubaliana ishara moja tu: mkono juu ya goti maana yake funga alapana sasa.

Angalia pia raga zinazofuatana. Kuimba Sriranjani halafu Kharaharapriya ni kumlisha mgeni wali mara mbili, kwa kuwa ya kwanza imezaliwa na ya pili. Changanya watunzi, changanya na tala: kama wimbo mkuu uko katika tala ya Adi yenye mapigo 8, raga ya kati iende Misra Chapu ya mapigo 7 au Rupaka. Na wimbo usioimbwa darasani kwa miezi sita kamili usipande jukwaani.

Wakati wa tani baadhi ya watu huinuka kwenda kunywa kahawa. Mfundishe kijana asiwafuate kwa macho. Ashike tala kwa mkono wazi, mbele ya wote, akimtazama mpigaji. Heshima hiyo hulipwa kacheri ijayo.

Wasindikizaji

Wiki mbili kabla, wajulishe wasindikizaji sauti ya msingi. Wanaume wengi huimba kati ya kattai (kipimo cha sauti ya msingi) 1 na 1½ (C hadi C#), wanawake karibu na kattai 5 (G). Mridangam ya sauti ya chini ni kubwa kuliko ya juu, kwa hiyo mpigaji akiambiwa dakika za mwisho anakuja na ala isiyofaa, na hakuna kugonga kutakakoiokoa. Upande wa kushoto hubandikwa donge la semolina iliyokandwa kwa maji kabla ya kupiga, kazi inayotaka utulivu. Wote wawe ukumbini dakika 45 kabla.

Chagua msindikizaji aliyemzidi kijana kidogo kwa uzoefu. Akimzidi mno atamfunika, na wakiwa wachanga wote watatu, tala ikiteleza hakuna wa kuiokota.

Fedha zao hutoka kwanza. Sabha nyingine huwalipa yenyewe, nyingine humkabidhi mwimbaji kila kitu. Tuseme amepewa rupia 8,000 kwa wote: bahasha za fidla na mridangam zifungwe usiku ule ule kabla ya mwimbaji kuhesabu yake, hata kama atabaki na nauli tu. Jambo hili tunalisisitiza kuliko mengine yote ya fedha.

Karatasi, ruzuku na daraja

Wasifu usizidi maneno 150: guru, miaka ya mafunzo, kacheri tatu za karibuni, daraja la redio. Ambatisha rekodi moja ya jukwaani ya dakika 12 hadi 15, isiyokatwa, yenye alapana na svara. Video iliyopambwa studio haimwambii katibu wa sabha anachotaka kujua, yaani kama kijana anaweza kusimama bila kurudia. Barua zianze kutoka katikati ya mwaka, Novemba umechelewa.

Madaraja ya redio ya taifa, Akashvani, hupanda kutoka B, B ya juu, A, hadi Top. Akijiandaa vizuri, aende mapema, maana daraja huandikwa kila mahali baada ya jina lake. Wizara ya Utamaduni ya India ina ufadhili wa vijana wa miaka 18 hadi 25 waliosoma kwa guru angalau miaka mitano: rupia 5,000 kwa mwezi kwa miaka miwili. Tuzo ya vijana ya Sangeet Natak Akademi (taasisi ya taifa ya sanaa za maonyesho), yenye jina la Ustad Bismillah Khan na iliyoanza 2006, ni ya walio chini ya miaka 40. Hiyo haina haraka. Wanaotoka Kenya au Tanzania wakitaka kusoma sanaa hii India waangalie ufadhili wa ICCR, Baraza la India la Uhusiano wa Kitamaduni.

Kadi ya kodi ya PAN awe nayo kabla ya malipo ya kwanza. Bila hiyo mlipaji hukata asilimia kubwa zaidi.

Jukwaa la kununua

Utapigiwa simu na mwandaaji anayetaka "mchango" ili kijana apewe nafasi. Kataa. Si suala la fedha peke yake: ukumbi ulionunuliwa hauna msikilizaji anayechagua, na jina la kijana huingia kwenye orodha ya wanaolipa, ambamo watamtafuta kila mwaka. Fedha hiyo hiyo iwalipe wasindikizaji kwa kacheri mbili za nyumbani zenye watu 30 wanaosikiliza kweli.

Usalama

Mwaka 2018 Music Academy, sabha maarufu ya Chennai, iliwaondoa wanamuziki saba kwenye ratiba yake baada ya tuhuma za unyanyasaji wa kijinsia. Kwa hiyo kanuni ziwe wazi tangu siku ya kwanza: mtoto wa chini ya miaka 18 hafundishwi wala kusafiri peke yake na mtu mzima, chumba cha hoteli si mahali pa mazoezi, na kijana awe na mtu wa pili wa kumweleza, asiye wewe wala guru. Mlezi anayechukizwa na kanuni hizi asikabidhiwe mtoto.

Kukabidhi

Mwaka wa kwanza jibu simu za sabha wewe, kijana akisikiliza. Wa pili ajibu yeye, wewe ukisikiliza. Baada ya msimu wa tatu, namba iliyoko chini ya wasifu ibadilishwe iwe yake.