Namna ya Kuuliza Maoni Kuhusu Kuwapunguzia Posho Wenye Kipato Kikubwa
Ukitaka kujua watu wa kijiwe cha kahawa pale Magomeni wanaonaje serikali inapowapunguzia posho wenye kipato kikubwa, usianze na swali la kama ni haki, kwa kuwa wote watajibu "haki" kabla kashata haijaisha mkononi. Anza na mfano wenye hesabu. Nchini Uingereza, kuanzia Januari 2013, mzazi aliyezidi pauni 50,000 kwa mwaka alirudisha posho ya watoto, yaani fedha ambazo serikali huwapa wazazi kwa ajili ya malezi, kidogo kidogo kupitia kodi, na alipofika pauni 60,000 ilikwisha yote. Lakini kwa kuwa kilichopimwa ni kipato cha mtu mmoja na si cha kaya, wazazi wawili wenye pauni 49,000 kila mmoja waliendelea kuipata nzima. Hapo nyamaza usikilize, maana ubishi wenyewe huanzia hapo. Taja upesi kwamba mwaka 2024 viwango vilipandishwa hadi 60,000 na 80,000. Kisha uliza kuhusu TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, unaolenga kaya maskini, na uandike jibu kama lilivyotamkwa, pamoja na kazi ya msemaji, kwani kipato cha dereva wa bodaboda hakipimiki kama cha mwajiriwa mwenye hati ya mshahara.