Ukianza kujiona hujui kuchora, fanya hivi

Hiyo hali mara nyingi inakupata katikati ya kazi. Skechi ilikuwa na uhai, ukaweka laini safi na rangi bapa za mwanzo, sasa picha imelala tu kama maiti na wewe umeshaanza kujiuliza nani alikudanganya kwamba unajua kuchora. Usifute kitu. Rangi bapa kabla ya vivuli hazimpendezi mtu, hata hao unaowaogopa picha zao zinapita hapo hapo, ila wao hawaposti hiyo hatua.

Swali la "mimi ni mchoraji kweli?" achana nalo, halina jibu, kagua picha. Igeuze kushoto kulia, kwenye tableti ni kubonyeza tu, kwenye karatasi tumia kioo. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wakague kazi zao kwenye kioo, maana jicho lako limeshazoea makosa yako na ukigeuza unaona kama kazi ya mtu mwingine, ndo unashtuka jicho moja limepanda juu na shingo imepinda. Halafu toa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe, mhusika akipotelea kwenye mandhari ya nyuma basi shida ni mwanga na kivuli. Ukishajua ni shingo unarekebisha shingo, yaishe.

Sasa kama umekagua hujaona kosa la maana na bado unajiona tapeli, hapo ni jambo jingine. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu hali hii, na waliowachunguza walikuwa wanawake waliofanikiwa sana, wana digrii na heshima kazini, lakini ndani yao wanaamini wamebahatisha tu. Kwa hiyo usisubiri laiki zikutibu jamani, hazitibu. Kama picha ni ya mteja, rudi kwenye maelezo yake, soma alichoomba mstari kwa mstari, kama picha inajibu, tuma. Na skechi ya rafu umtumie mapema ikiwa bado mbaya mbaya, ukikaa nayo hadi dedlaini hofu inakua na marekebisho yanakuwa mazito.

Bei usiijibu ukiwa kwenye hali hiyo, utajipunguzia mwenyewe hata mteja hajaomba. Ipange siku umetulia, iandike mahali, ukiulizwa unakopi tu.

Mwisho uwe na daftari ambalo halipostiwi wala haonyeshwi mtu, chora humo dakika chache kabla hujaanza kuskroli kazi za wengine, mikono mibovu, viatu, chochote, andika tarehe. Ukijikuta unachora humo kwa uangalifu kana kwamba kuna mtu atakuja kuangalia, weka penseli chini chukua kalamu isiyofutika.