Pima maji mwisho wa bomba, si kwenye pampu

Muuza pampu akikuambia mashine inatoa lita 500 kwa dakika, huenda anasema kweli, ila kipimo hicho ni cha pampu isiyopandisha maji mlimani. Wewe unahitaji kujua yanayofika kwenye nyanya.

Chukua ndoo ya lita 20. Ihakiki kwanza kwa chupa ya lita moja, kwani ndoo nyingi zikijaa hadi ukingoni huzidi 20, kisha weka alama. Pampu ikishatulia, kinga maji mwisho wa bomba na uhesabu sekunde kwa simu. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 25, gawa 20 kwa 25: lita 0.8 kwa sekunde, yaani lita 2,880 kwa saa. Ikijaa chini ya sekunde 10, tumia pipa la lita 200, maana hapo kukosea sekunde moja tu kunavuruga hesabu.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyanya zilizofunika ardhi huhitaji kama milimita 5 kwa siku wakati wa kiangazi, hivyo robo eka inataka takriban lita 5,000. Ukimwagilia kwa mifereji, ambako maji mengi hupotea njiani, panga kama lita 8,400. Kwa mtiririko ule ni karibu saa 3 za pampu. Asiyepima huzima petroli inapokwisha, mimea ishibe isishibe.

Linalonisikitisha zaidi ni mabomba membamba. Mtiririko ni eneo la tundu mara mwendo wa maji. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, eneo huongezeka mara nne. Tena bomba jeusi la plastiki huitwa kwa kipenyo cha nje: la milimita 32 hubaki na 26 hadi 28 ndani. Pitisha lita 0.8 kwa sekunde katika mita 100 za bomba lenye 28 ndani, na msuguano utakula nguvu ya kupandisha maji karibu mita 7. La milimita 50, lenye 44 ndani, halili hata mita 1. Ni ghali zaidi dukani, lakini nunua hilo: lile jembamba utalilipia petroli kila siku.

Rudia kipimo kila baada ya wiki mbili. Ndoo ya sekunde 25 ikianza kuchukua 35, kagua chujio la bomba la kuvutia, kisha viungo vinavyovuta hewa, kabla ya kumwita fundi afungue pampu.